Mahindi ya Mtani Wangu

Barua yenu imenifikia, vijana wangu, nami nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa barazani kwangu hapa Dodoma. Mmeniambia kwamba mmehitimu, mmeajiriwa kuwa wakaguzi wa mimea, na kwamba watatu kati yenu mmepangiwa kazi kwenye bandari ndogo za visiwani, ambako mche mmoja wenye ugonjwa ukishushwa gatini waweza kuangamiza mashamba ambayo hayajawahi kuujua ugonjwa huo. Mnauliza kisiwa hulindwaje. Swali hilo mmempelekea mtu aliyezaliwa na kufanya kazi mbali kabisa na pwani. Siku ya kwanza kuiona bahari nilikuwa tayari na watoto wawili, na nilichokifanya ni kuionja, ili nihakikishe kwamba kweli ina chumvi.

Hata hivyo nitajaribu kujibu, kwa sababu nami nililinda kisiwa. Hakikuzungukwa na maji. Kilizungukwa na pori kavu, mwendo wa saa kadhaa wa miiba na mawe pasipo shamba la mahindi, na katikati yake palikuwa na Chemba na vijiji vya jirani, watu wenye maghala safi. Wakati ule mdudu aitwaye dumuzi alikuwa amekwisha kuitafuna nchi upande wa magharibi, akaja na reli hadi karibu na mji wetu. Chemba alikuwa hajafika. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hafiki, nami siku moja nilimfungulia njia kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikicheka.

Nimestaafu kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mitano, na sina tena cheo cha kukilinda. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Kwanza mjue habari za dumuzi mwenyewe. Ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, mweusi wa kuelekea kahawia. Hula mahindi makavu na makopa ya muhogo, na asipopata chakula hutoboa hata mbao za kihenge. Ghala analoliingia Juni, Desemba waweza kulikuta limebaki na unga usiolika na maganda. Katika nchi ya mvua nyingi huo ni msiba wa kawaida. Kwetu, ambako mvua huja mara moja kwa mwaka na mara nyingine huja kutusalimia tu na kuondoka, ghala likiliwa maana yake ni kwamba chakula kimekwisha na mbegu imekwisha.

Niliyasoma haya yote chuo kikuu, na nilipofika kizuizi cha mazao cha Makutupora nilikuwa na shahada, miwani mipya na kitabu chenye michoro. Kizuizi chenyewe kilikuwa kibanda cha bati kando ya barabara ya Kondoa, boriti moja ya kupandisha na kushusha, na mashamba ya mizabibu yakianzia nyuma ya choo chetu. Niliyemkuta pale ni Mzee Ndahani, mhudumu wa ofisi, Mgogo mwenzangu, aliyesoma hadi darasa la nne. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, ingawa katika karatasi mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake.

Wiki yangu ya pili nililisimamisha lori zima kutwa nzima. Nilikuwa nimekuta wadudu katika mahindi, nikatangaza kwamba ni dumuzi, nikaandika taarifa ya kurasa tatu. Dereva alibembeleza, kisha akakasirika, kisha akalala uvunguni mwa gari. Jioni Mzee Ndahani, aliyekuwa ameninyamazia kwa heshima ya shahada yangu, alimweka mdudu mmoja juu ya karatasi nyeupe na kuniuliza kwa upole kama ninaiona pua yake. Nikatazama. Ilikuwa ndefu, imechongoka kama mkonga.

"Huyo ni fukusi, bwana mkubwa," akasema. "Kila nyumba anayo. Dumuzi hana pua. Kichwa amekificha chini ya kifua, na nyuma ni kama amekatwa kwa panga."

Dereva aliondoka bila kuniaga. Kwa miezi kadhaa madereva wa njia ile walikuwa wakinipungia mkono huku wameshika pua zao. Nawaeleza hili si kwa ajili ya kuwachekesha tu, bali kwa kuwa aibu ile ilinifanya mwoga wa kusimamisha watu, na woga huo unahusika na yatakayofuata.

Mzee Ndahani alinifundisha mengi ambayo kitabu hakikuwa nayo. Alinifundisha kutazama mshono wa gunia kabla ya gunia, kwa sababu unga wa dumuzi hutokea kwenye mshono. Alinifundisha kulaza sikio juu ya gunia asubuhi, kabla bati halijapata joto na kuanza kulia. Akasema ukisikia mtu anatafuna kashata chumba cha pili, usiendelee kuuliza. Zaidi ya yote alinifundisha kutumia bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha ambao huchomwa ubavuni mwa gunia ukatoka na punje za katikati. Mwenye gunia huweka mahindi mazuri juu, alisema, kama mwenye nyumba anavyoweka kiti kizuri sebuleni. Bambo huingia chumbani.

Bambo letu lilitundikwa ukutani kwenye msumari, kando ya muhuri.

Basi ndiyo miaka ile biashara ya nafaka ilipofunguliwa. Zamani mahindi yalisafirishwa na chama cha ushirika peke yake, kwa kibali kimoja na njia moja, nasi wakaguzi tulijua kila gunia limetoka wapi. Sera ilipobadilika, yeyote mwenye lori, au rafiki mwenye lori, alikuwa mfanyabiashara. Sisemi kwamba lilikuwa jambo baya. Vijiji vilivyokuwa vikisubiri chakula cha serikali kwa miezi vilianza kukipata kwa siku tatu. Ninachosema ni kwamba mlango mmoja uligeuka kuwa milango mia, na wadudu hawana haja ya kusoma sera.

Miongoni mwa wafanyabiashara hao alikuwapo Mzee Shabani, mtu wa mjini Dodoma, mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi kwa namna ambayo sikuwahi kuielewa. Babu wa babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na misafara ya biashara, akaoa mjini, akasilimu, na kizazi chake kikabaki hapo. Mzee Shabani hakujua Kinyamwezi hata cha kuombea maji, lakini utani aliurithi wote. Nanyi mnajua, au kama hamjui mjifunze, kwamba Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako akikutukana hukasiriki. Akisema umekufa unamwuliza kama sanda ameleta. Kwenye msiba wetu huyo ndiye anayeruhusiwa kuchekesha. Kwa hiyo Mzee Shabani alipofika kizuizini, kazi ilikuwa nyepesi, na mimi niliyekuwa nimeonewa na madereva kwa sababu ya pua ya fukusi nilimpenda kwa hilo.

Siku ninayoisema ilikuwa Ijumaa, karibu na saa sita mchana. Mzee Ndahani alikuwa amekwenda msibani. Lori la Mzee Shabani lilikuwa na mahindi aliyoyapakia kituo cha reli cha Zuzu, yaliyotoka magharibi, yakienda Chemba. Mavuno ya Chemba yalikuwa haba mwaka ule. Kijiji kilikuwa kimeweka mbegu na akiba yake katika ghala moja, na mahindi haya yalikusudiwa kuwekwa humo humo, yaliwe kwanza ili akiba ipone.

Nikamwamkia kutoka mlangoni. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," akajibu, "ijapokuwa shikamoo ya Mgogo huja na bakuli mkononi."

Nikamwambia kwamba marahaba ya Mnyamwezi nayo huja na mzigo kichwani. Utingo wake wawili wakacheka huko juu ya magunia. Tukaendelea hivyo kwa muda, mlenda wetu ukatajwa, miguu ya babu zake wapagazi ikatajwa, nami nikawa nimekwisha kushika kitabu cha vibali. Ndipo akasema:

"Leo nimekuletea mzigo unaokufaa. Gunia la tatu kutoka nyuma, lile la mshono mwekundu, lina dumuzi. Nimewaleta waje wawamalize Wagogo, maana njaa imewashindwa."

Nikamjibu kwamba dumuzi akijua amepanda gari la Mnyamwezi atateremka atembee kwa miguu, akihofia kutwishwa gunia. Nililiona kuwa jibu zuri sana. Utingo mmoja alipiga bati la gari kwa kiganja.

"Litoboe, Mgogo," akasema Mzee Shabani.

Nikagonga muhuri. Katika nafasi ya matokeo niliandika kwamba hakuna mdudu aliyeonekana, na maneno hayo yalikuwa kweli kwa namna mbaya kabisa, kwa kuwa sikutazama. Nakumbuka kwamba Mzee Shabani aliukodolea macho muhuri ule kwa kitambo, kama mtu aliyepewa chenji asiyoitarajia. Kisha akakunja karatasi, akapanda gari, nami nikapandisha boriti.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Ndahani alirudi, akaanza kufagia mahali malori yanaposimama. Niliusikia ufagio wake ukinyamaza. Nilipotoka nilimkuta amechuchumaa, ana karatasi nyeupe mkononi, na juu ya karatasi kuna unga kidogo na mdudu mmoja. Hakuniambia nitazame. Nilitazama mwenyewe. Hakuwa na pua. Nyuma alikuwa amekatwa kwa panga.

Aliniuliza jana lilipita lori la nani. Nikamweleza yote, pamoja na utani, pamoja na gunia la tatu. Nilitegemea anigombeze, na ningeshukuru. Alisema tu kwamba Mzee Shabani angekuwa mtu mwingine yeyote, ningelitoboa lile gunia. Kisha akaingia ndani akalichukua bambo kutoka msumarini.

Simu haikuwapo njia ile. Tulidandia lori la chumvi na sabuni lililokuwa likielekea Kondoa, nikakaa juu ya mifuko ya chumvi nikipiga hesabu za kitabu: jike mmoja hutaga mayai kiasi gani, kizazi kipya hutoka baada ya wiki ngapi, dumuzi huruka umbali gani. Kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Mbele ya Haneti tukakuta korongo limejaa. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na maji mekundu yalipita mbele yetu yakibeba miti mizima. Dereva akazima gari. Tukakaa hapo mpaka siku ya pili.

Sijawahi kuona muda ukiwa mrefu namna ile. Ng'ambo ya maji yale palikuwa na ghala la kijiji ambalo nilikuwa nimelikabidhi kwa adui kwa muhuri wa serikali. Niliwaza mbegu zao. Niliwaza mwezi wa Desemba, watu wamefungua milango kuchukua mbegu wakapande, na mikono yao inatoka na vumbi. Niliwaza pia kazi yangu, sitawadanganya, lakini hilo lilikuja la pili. Mzee Ndahani alinishauri nile. Nikamwambia siwezi. Akasema kwamba dumuzi hatapungua hata mmoja kwa sababu mimi nimeshinda njaa, akanipa kiazi.

Maji yalipopungua tulivuka, tukafika Chemba Jumapili, jua likiwa utosini. Ghala lilikuwa na mtunzaji wake, Mama Zaituni, mwanamke wa Kirangi wa makamo, aliyevaa funguo shingoni. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango uliofungwa. Nikamwamkia, akaitikia, akatutazama vumbi tulilokuwa nalo, kisha bambo mkononi mwa Mzee Ndahani.

"Mmekuja kuyafuata mahindi ya mkwe wangu," akasema.

Nikamwuliza kama yamo ghalani.

"Yataingiaje? Mwenyewe ameniambia yana dumuzi."

Alinyoosha mkono upande ule ambako upepo ulikuwa unakwenda. Mbali na ghala, mwendo wa kurusha jiwe mara tatu, palikuwa na mwamba mpana, na juu ya mwamba mahindi yametandazwa kwenye maturubai, kwa tabaka jembamba kama nafaka ya uji inayokaushwa, na jua la Chemba linayapiga kutoka juu na jiwe linayachoma kutoka chini. Pembeni pipa la maji lilikuwa linachemka na magunia matupu yamo ndani. Pembeni zaidi palikuwa na duara la majivu, ambamo kilibaki kipande cha uzi mwekundu.

Nilikaa chini, vijana wangu.

Mama Zaituni alitueleza kwa utaratibu. Binti wa Mzee Shabani ameolewa na mwanawe, kwa hiyo wao ni wakwe. Lori lilipofika, Mzee Shabani hakuwaruhusu utingo washushe. Alimwendea yeye kwanza, akavua kofia, akasema kwamba gunia moja analitilia shaka. Mama akamwuliza kama kizuizini tulijua. Mzee akajibu kwamba alituambia, tukacheka.

"Tulidhani anatania," nikasema.

"Ndiyo. Ninyi ni watani wake." Hakusema kwa kunilaumu. "Mimi ni mkwe wake. Mkwe hanitanii. Neno lake likifika kwangu, sina pa kulipeleka ila kulisikia."

Akatufungulia ghala. Nililitoboa kila gunia lililokuwamo, moja baada ya jingine, nikichekecha punje juu ya karatasi nyeupe, Mzee Ndahani akilaza sikio nyuma yangu. Tulikuta fukusi wawili, na siku ile nilizipenda pua zao. Dumuzi hakuwamo. Nilitoka nje na jasho machoni.

Mzee Shabani alikuwa bado yupo, kwa kuwa korongo lilimzuia naye asirudi. Tulimkuta mwambani, amekunja kanzu, anageuza mahindi kwa reki. Gunia lile la mshono mwekundu alikuwa amelichoma moto mwenyewe. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia kwa dhati.

"Kwa sauti gani?" akaniuliza. "Mimi na wewe tunayo moja tu." Akageuza mahindi kwanza, kisha akaendelea, akitazama chini. Alisema ule unga aliuona Zuzu, mzigo ukiwa umekwisha kupakiwa, na hakuwa na moyo wa kuushusha mwenyewe. "Nilitaka wewe unikataze. Nilikuambia mara mbili. Kunyenyekea mbele ya Mgogo, na vijana wangu wanasikia, hilo sikuliweza. Hapa niliweza, kwa sababu wajukuu wangu wanakula ghala hili."

Kosa lilikuwa la nani? Nimelifikiria kwa miaka mingi. Yeye alikuwa na kosa lake, akalibeba. Langu ni kwamba nilikuwa na chuma ofisini mwangu chenye kazi ya kuingia katikati ya gunia, nami nikakiacha msumarini kwa sababu mazungumzo yalikuwa matamu. Niliandika taarifa ya kosa langu mwenyewe, kurasa tatu kama zile za fukusi, nikaipeleka mjini kwa mkono. Mkuu wangu aliisoma, akaniuliza kama ghala lilisalimika, akaiweka kwenye jalada. Sikuisikia tena.

Ukweli mwingine ni huu: dumuzi Chemba alifika, miaka kadhaa baadaye. Tulikuja kujua kwamba anaweza kuishi kwenye miti mikavu ya porini, kwa hiyo ile bahari yangu ya miiba haikuwa bahari kama nilivyodhani. Msije mkaahidi kisiwa kwamba hakitaingiliwa kamwe. Lakini alipofika aliwakuta watu wamekwisha kujifunza kupukuchua mahindi kabla ya kuyahifadhi badala ya kuyaacha kwenye magunzi, kuchanganya dawa ya vumbi kwa kipimo, na kuutenga mzigo mgeni juu ya mwamba wa Mama Zaituni kabla haujaliona ghala. Alikula, hakumaliza. Miaka ile tuliyomchelewesha ndiyo iliyowafaa, na ninapoikumbuka hulala vizuri.

Huko mnakokwenda kutakuwa na manahodha wachangamfu, mama wenye vikapu, shemeji wa mwenye nyumba wenu, na watu watakaowafanya mcheke mpaka kalamu zianguke. Chekeni. Kituo kisicho na kicheko watu hukikwepa, na anayekikwepa hamtamkagua. Ila mjue ni nani mnayecheka naye, na kicheko kinawazuia kusikia nini.

Mzee Shabani alirudi kizuizini baada ya mwezi, na lori jingine la mahindi. Nilisimama mlangoni nikiwa sijui nianze vipi. Aliteremka, akanipita bila neno, akaingia ofisini, akalitungua bambo kwenye msumari na kunipa mkononi. Nikatoboa. Magunia yote, la kwanza hadi la mwisho, na yeye akanifuata gunia kwa gunia, kimya, mikono nyuma, na utingo wake kimya, na Mzee Ndahani ameegemea boriti. Yalikuwa safi. Nililifuta bambo kwa kitambaa, nikalirudisha mahali pake, nikagonga muhuri.

Ndipo alipoweka kofia yake sawa.

"Haya, Mgogo," akasema. "Sasa shikamoo yangu iko wapi?"